Wageni Kumi na Mmoja katika Nchi ya Marahaba

Njia ya kwenda nchi ya Marahaba sitaieleza, kwa sababu kila aliyewahi kufika huko huapa kwamba hakupita njia yoyote. Alikuwa ameketi mahali pake, ameinamia mambo yake, na alipoinua kichwa akajikuta mbele ya lango. Ndivyo ilivyomtokea Wakesho, binti wa Mwakio fundi redio. Anayetaka kujua alipanda nini na akashukia wapi amwendee mwenyewe amwulize, nami namtakia kila la heri.

Ninachokijua mimi ni hali aliyokuwa nayo kabla ya kufika. Wakesho alikuwa anaingia kidato cha tatu katika shule moja iliyo chini ya vilima vya Taita, wakati ambao mwanafunzi huambiwa achague masomo atakayoendelea nayo na yale atakayoyaacha. Alikuwa msichana mwenye akili nzuri na ugonjwa mmoja tu: hakujua kusema hapana. Baba yake alimwambia, "Fizikia usiiache, mama, hata nyumba ikiungua." Akasema ndiyo. Shangazi yake mwenye duka kule Voi akamwambia kwamba asiyesoma Biashara atakula jeuri yake. Akasema ndiyo, shangazi. Mchungaji akamtajia Dini, jirani akamtajia Historia, na mwalimu wa darasa akatangaza mbele ya watu kwamba mwanafunzi wa kweli hubeba yote kumi na moja na bado anacheza netiboli. Wakesho akasema ndiyo, mwalimu. Hata netiboli aliikubali, ijapokuwa mpira wenyewe ulikuwa unamtisha.

Jibu la mwisho lilitakiwa ofisini Ijumaa asubuhi. Alhamisi jioni aliketi mezani na vitabu vyake vyote kumi na moja, baba yake akiwa amesimama pembeni na redio ya mtu, kwa maana Mwakio alitengeneza redio akiwa amesimama, siku zote, kama mtu anayetarajia kufukuzwa. Wakesho akainama. Alipoinuka, mbele yake palikuwa na lango la chuma lililopakwa rangi ya samawati, na langoni palikuwa na mzee.

Ndevu za mzee huyo zilikuwa nyeupe na zilifika kifuani. Chini ya ndevu alivaa shati la shule, tai ya shule, kaptula ya shule na soksi ndefu zilizovutwa mpaka magotini. Shingoni alikuwa amening'iniza mhuri kwa kamba.

"Shikamoo, mzee," alisema Wakesho.

"Marahaba. Lakini mzee ni nani?" Yule bwana alitazama nyuma yake, kisha akacheka. "Mimi mwanafunzi mwenzako, dada. Kidato cha tatu. Naitwa Sufiani, Mkuu wa Itifaki wa lango hili. Haya, niambie, umepangiwa wageni wangapi?"

"Wageni gani?"

"Masomo, dada, masomo! Huko kwenu mnayaweka kwenye mikoba, nimesikia, mkayabana na kuyakunja. Hapa kwetu masomo ni watu wenye heshima zao. Yanafika, yanakaribishwa, yanakaa kitini. Sasa wako ni wangapi?"

"Kumi na mmoja," alisema Wakesho.

Vigelegele vilivyolipuka nyuma ya lango viliwatimua njiwa wote waliokuwa juu ya paa. Watu walitoka mbio, wakamshika mikono, wakampepea kwa kanga. "Kumi na mmoja! Mwacheni apumue! Mpeni maji!" Mama mmoja alilia waziwazi na kusema laiti mwanawe angekuwa hai, na mwanawe aliyekuwa amesimama karibu naye akasema, "Mama, mimi nipo, nina tisa," na mama akalia zaidi. Wakesho, nisimfichie siri, alifurahi mpaka akasahau kuuliza yuko wapi.

Sufiani akamsomea sheria za Marahaba kutoka kichwani. Mgeni hasalimiwi nusu. Kila mgeni asalimiwe kila siku, na kengele ikilia mwenyeji ahamie kwa anayefuata, hata kama neno liko mdomoni. Mwenyeji haketi, kwa kuwa anayekaa na mgeni mmoja amewadharau wengine wote.

"Na kutoka?" Wakesho akauliza. "Kesho nina jibu la kupeleka shuleni."

"Kutoka ni rahisi. Siku ya Kuagana ikifika, mgeni wako mmoja akusindikize mpaka hapa langoni, aseme mbele yangu kwamba anakujua. Mmoja tu anatosha. Ukitoka hapo, utafika kwenu kana kwamba hukuondoka."

"Na asipotokea hata mmoja?"

"Hupewi adhabu," alisema Sufiani, akiushika mhuri wake kwa fahari. "Unapewa ofisi."

Wakesho akachungulia nyuma yake. Kulikuwa na ofisi barabara nzima, moja imegusana na nyingine, na katika kila dirisha alikuwapo mtu mwenye upara au mvi, amevaa kaptula au sketi ya shule, ameshika mhuri wake na kutazama nje. Walimpungia mkono wote kwa pamoja. Nchi ya Marahaba, Sufiani alimweleza, haijawahi kukosa wafanyakazi.

Wakesho hapo hapo alikata shauri kwamba ofisi hataki. Alitaka kwenda kwao.

Nyumba aliyopewa ilikuwa chumba kimoja chenye viti kumi na kimoja vilivyopangwa ukutani, na kiti cha mwenyeji hakikuwapo. Wageni walikuwa wamekwisha keti. Bibi Hisabati aliketi wima, mikono magotini, anahesabu vigae vya paa. Bwana Fizikia, mpole mwenye koti kuukuu, alikuwa anaangusha kijiko, anakiokota, anakiangusha tena. Mzee Historia alishakuwa anazungumza. Bwana Biashara aliuliza viti vile vilinunuliwa wapi, akaguna alipojibiwa. Bi Kilimo alikuwa na udongo mpaka viwikoni, Bi Biolojia alikuwa anamfunua buibui miguu, na Kiingereza na Kiswahili waliketi wakitazamana, kila mmoja akisubiri kwa hamu mwenyeji ateleze katika lugha ya mwenzake. Mtumishi Dini alifumba macho. Bi Kemia alinukia kitu ambacho hakikuwa manukato. Na karibu kabisa na mlango alikuwapo Bi Jiografia, mwanamke mwenye kandambili za vumbi, aliyekuwa amekigeuza kiti chake ili atazame nje.

Kengele ikalia, Wakesho akaanza.

Shikamoo Bibi Hisabati, habari za nyumbani, habari za watoto, habari za mifugo, poleni na safari, je, mvua kwenu imenyesha? Bibi alijibu yote kwa ukamilifu, akakohoa, akasogea mbele kidogo na kusema, "Sasa, mjukuu wangu, tuseme ikiwa—" na kengele ikalia. Wakesho akarukia kwa Bi Kemia. Shikamoo, habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, poleni, mvua je? Bi Kemia akashukuru, kisha macho yakamtoka akasema, "Ehe, na usikiguse hicho ki—" na kengele ikalia. Wakesho hakujua asiguse nini, kwa hiyo bila shaka alikigusa, na vidole vyake vikawa vya zambarau. Kwa Mzee Historia salamu peke yake zilianzia kwa babu wa babu yake, na kengele ililia kabla hawajafika kwa baba. Alipomaliza wageni wote, Bibi Hisabati alikuwa tayari amekunja uso, kwa sababu siku nyingine ilikuwa imeingia naye hajasalimiwa.

Basi msichana wetu akazunguka kama pia. Ulimi ulimchoka, akawa anasema habari za mifugo hata kwa mlango. Na jambo la ajabu, ambalo nalieleza kama lilivyo, ni kwamba alikuwa na furaha kubwa. Kila jioni watu walipita dirishani wakisema, "Anao kumi na mmoja, jamani!" naye akavimba kichwa.

Jirani yake aliitwa Mishi, msichana mwenye wageni kumi na wawili na sauti iliyobaki kidogo sana. Mishi ndiye aliyemfundisha ujanja. Kulikuwa na kusalimia wawili kwa pamoja kwa mikono miwili. Kulikuwa na kukariri majibu ya mgeni ili umjibie mwenyewe na kuokoa muda. Na kila Jumamosi kulikuwa na salamu za ziada, ambapo wenyeji walikusanywa ukumbini na kusalimia viti vitupu kwa mazoezi.

"Mishi, huyu Fizikia wako ukoje naye?" Wakesho alimwuliza siku moja kwenye ukuta uliotenganisha nyumba zao.

"Vizuri sana! Mifugo yake haijambo."

"Ana mifugo?"

Mishi alifikiri. "Sijui," alisema. "Huwa anasema haijambo."

Siku mojawapo Sufiani alimchukua Wakesho kwenda kuona Baraza Kuu, kama mgeni mashuhuri, na njiani walipita mtoni. Daraja lilikuwa limelala majini. Lilijengwa na mhandisi aliyesalimiana na Hisabati na Fizikia kila siku bila kukosa, likazinduliwa kwa salamu ndefu, na likaanguka wakati wa makofi. Watu walivuka kwa miguu, maji yakiwafika kiunoni, na kila aliyepita aliliambia, "Pole, daraja." Mbele kidogo ilikuwapo zahanati. Daktari aliyesifika kwa ujuzi wake wa Biolojia alikuwa ameinamia mguu wa mtu uliovimba, anauuliza habari za nyumbani.

Baraza lilikuwa linajadili daraja. Chama cha Kuongeza kilisimama na kusema kosa liko wazi: mhandisi alikuwa na wageni kumi tu. Laiti angepokea na Ufundi wa Kushona, nguzo zingeshikana. Chama cha Kasi kikapinga kwa hasira na kusema tatizo si idadi, ni uvivu. Salamu zifupishwe, mifugo iondolewe, na katika nafasi itakayopatikana waingizwe wageni wengine watano. Walitupiana maneno mpaka jasho likawatoka, kisha wakapiga kura wakakuta wamekubaliana. Mjumbe mmoja nyuma kabisa aliinua mkono akauliza kwa sauti ndogo kama wageni wangepunguzwa ingekuwaje. Walimpa maji ya kunywa, wakamlegeza tai, na yule daktari akaitwa.

Sufiani alisimama mwisho. "Waheshimiwa," alisema, "mimi nasema angesalimia na Muziki." Kila mtu akapiga makofi, ila Wakesho aliona kwamba baada ya kusema hivyo mzee aliketi, akakumbuka sheria, akasimama tena haraka, na kwa muda hakumtazama mtu.

Wakirudi alimwuliza, "Kaka Sufiani, katika maisha yako yote langoni, umeona wangapi wamesindikizwa?"

"Karibu nimwone mmoja," alijibu Sufiani. "Alikosea lango."

Hapo furaha ya Wakesho ilimtoka mwilini. Siku ya Kuagana ilikuwa imebaki wiki moja. Aliwafikiria wageni wake mmoja mmoja, akajiuliza ni yupi kati yao angeweza kusimama langoni na kusema anamjua, na ukweli ni kwamba hakuwapo. Aliwajua mbuzi wao wote kwa afya zao. Yeye hawakumjua. Akajiona kwenye dirisha la ofisi, ana mvi, anawapungia watoto wapya mkono uliobaki zambarau, na baba yake mahali fulani angali amesimama na redio, anamngoja. Aliogopa sana.

Alirudi chumbani akaanza mzunguko kwa sababu hakujua lingine la kufanya. Alipofika mlangoni kwa Bi Jiografia alifungua mdomo aseme habari za nyumbani, na kilichotoka kilikuwa kitu kingine kabisa.

"Bi Jiografia, kwa nini mvua inanyesha kwa bibi na kwetu hainyeshi?"

Bi Jiografia aligeuza kichwa polepole.

"Bibi anakaa juu mlimani," Wakesho aliendelea, maneno yakimkimbia. "Sisi tuko chini. Ni wingu lile lile, tunaliona likipita juu yetu, tunatoa ndoo nje, tunatoa sufuria, nalo linakwenda kumnyeshea bibi ambaye hata hana pa kuweka maji zaidi. Toka nikiwa mdogo nataka kuuliza. Nani aliamua?"

"Umesema mnatoa ndoo," alisema Bi Jiografia, na uso wake wote ukabadilika, kama wa mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya miaka. "Hebu niambie. Ukipanda kwa bibi yako, asubuhi, unavaa nini?"

"Sweta."

"Na hapo chini?"

"Joto tupu."

"Basi na hewa ni hivyo hivyo. Inatoka baharini imebeba maji yake, inafika kwenye mlima, haiwezi kutoboa, inapanda. Huko juu inakuta baridi, na ikipoa—"

Kengele ikalia.

Wageni kumi wakageuka. Wakesho alitazama kengele, akamtazama Bi Jiografia aliyeachwa mdomo wazi, kama kila siku, kama kila mgeni katika kila nyumba ya nchi ile. Kisha akaenda pembeni, akachukua ndoo ya maji ya kunawa, akamwaga maji nje, akaifudikiza mbele ya kiti cha Bi Jiografia, akaketi juu yake.

"Ikipoa?" akauliza.

Mishi, aliyekuwa anatazama dirishani, alipiga yowe lililosikika mpaka Barazani.

Sufiani alifika akitweta, nyuma yake maafisa wa ofisi zote, soksi zimewashuka. Walisimama mlangoni wakaiona ile ndoo na aliyekuwa juu yake, na wawili wakajifunika uso.

"Dada Wakesho!" alisema Sufiani. "Umekaa!"

"Nimekaa, kaka."

"Kumi wanakungoja! Umewavunjia heshima kumi kwa ajili ya mmoja!"

"Sitaki kuwavunjia heshima," alisema Wakesho. "Lakini nimewasalimu tangu nifike na sijamsikiliza hata mmoja. Nikibaki nao wote nitaendelea hivi hivi mpaka mniletee mhuri. Hakuna sheria ya kumwambia mgeni aende?"

Afisa mmoja alisema ipo, ya mwisho kabisa, ila iliandikwa ili ukurasa usibaki mtupu. Mwenyeji aweza kumuaga mgeni kabla ya siku yake, kwa sharti kwamba amtazame machoni, amtaje kwa jina, na asitoe kisingizio. Haikuwahi kutumika kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa na uso mkavu kiasi hicho.

Wakesho wala hakuwa na uso mkavu. Alikuwa na uso uliokuwa tayari unalia. Lakini alipiga moyo konde, akasimama mbele ya Bwana Biashara, aliyeletwa na shangazi.

"Bwana Biashara," alisema, "siwezi kukaa na wewe. Nakuomba uende."

Bwana Biashara aliruka kitini. "Kweli? Sasa hivi?" Alikuwa ameshavaa kofia. "Mwanangu, nina duka! Nimefunga duka nije hapa kuulizwa habari za mbuzi! Mungu akubariki." Naye akatoka mbio, na mpaka leo nadhani bado anakimbia.

Maafisa walishika vichwa. Mzee Historia naye, alipoambiwa vile vile, hakukasirika. Alisema ameachwa na mataifa makubwa kuliko Wakesho, na kwamba watu humrudia wakishazeeka, naye hana haraka. Mtumishi Dini alifumbua macho akatabasamu. "Sisi tutaonana Jumapili," alisema.

Akabaki Bwana Fizikia.

Wakesho alisimama mbele yake muda mrefu. Alimwona baba yake akisema hata nyumba ikiungua. Bwana Fizikia aliweka kijiko chini kwa uangalifu, akangoja.

"Bwana Fizikia," alisema Wakesho, na machozi yakamshuka. "Wewe ndiye mgumu kuliko wote kukwambia. Siwezi. Tafadhali nenda."

"Najua," alisema Bwana Fizikia kwa upole. "Hukuniita wewe. Aliniita baba yako. Unajua nilikuwa mgeni wake?"

"Baba?"

"Miaka ile ya shule. Alinipenda yule kijana, wewe! Lakini alikuwa na wageni wengine, hata wa nyumbani. Wadogo zake, mbuzi, shamba la mama yake. Tulikuwa tumefika habari za mifugo, kengele ikalia, na hakurudi tena." Akafunga vifungo vya koti lake kuukuu. "Msalimie. Mwambie sijazeeka. Mwambie aache kukutuma wewe, aje mwenyewe, na safari hii akae."

Akatoka. Mlangoni alidondosha kijiko kwa mara ya mwisho, akakitazama kikianguka, akaondoka ameridhika.

Walibaki saba. Msidhani kazi ilikuwa laini. Bibi Hisabati, alipomaliza ile sentensi yake ya "tuseme ikiwa", alimtoa Wakesho machozi mara mbili kabla ya chakula cha mchana, na Kiingereza na Kiswahili hawakuacha kuviziana. Lakini ndoo ilihama kutoka kiti hadi kiti, kila mmoja akapata zamu yake na akamaliza alichokuwa anataka kusema. Bi Kemia alimweleza ni nini kile ambacho hakutakiwa kukigusa, na kumbe kilikuwa kitu cha kuvutia sana. Bi Kilimo na Bi Jiografia waligombana juu ya mvua, Wakesho akiwa katikati, akicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Siku ya pili Mishi aligonga. "Una ndoo nyingine?" alinong'ona. Hakuwa nayo, kwa hiyo Mishi akaketi juu ya kinu, na jioni ile alimjia Wakesho ukutani ameng'aa uso. "Fizikia wangu hana mifugo!" alipiga kelele kwa ile sauti iliyobaki. "Hajawahi kuwa na mifugo maishani mwake!" Kufikia mwisho wa wiki ndoo zilikuwa hazipatikani Marahaba, Baraza limeunda Kamati ya Ndoo, na Chama cha Kuongeza kimetoa pendekezo kwamba kila mwenyeji akalie ndoo kumi na moja.

Siku ya Kuagana Wakesho alikwenda langoni, ndoo mkononi, na Bi Jiografia kando yake akiburuta kandambili. Wale sita waliwafuata mpaka katikati ya barabara wakipunga mkono. Sufiani alikuwa amesimama kwenye nafasi yake, ndevu zimechanwa.

"Mgeni," aliuliza rasmi, "unamjua huyu?"

"Namjua," alisema Bi Jiografia. "Ndiye anayeuliza mvua inakokwenda."

"Naye ameshajua?"

"Ameshajua kwa nini inashuka kule mlimani. Mengine bado tunabishana."

Sufiani aliinua mhuri. Hakuwahi kuutumia kwa kazi hii, na ilimbidi aupulize vumbi. Alipogonga, lango lilifunguka kwa mlio, na madirisha yote ya barabara yakajaa vichwa vyenye mvi. Lakini Sufiani hakusogea njiani.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nilikuwa na mgeni. Muziki. Alikaa kiti cha mwisho. Kila kengele ilipolia alikuwa ndiyo kwanza amevuta pumzi, amefungua mdomo hivi." Akaufungua wake, akaufunga. "Sijui alitaka kuimba nini."

"Yuko wapi sasa?"

"Si yuko nyumbani kwangu. Mgeni wa Marahaba haondoki bila kuagwa."

Wakesho akampa ndoo. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama ndani kana kwamba kulikuwa na kitu. Kisha akavua ule mhuri, akautundika kwenye komeo, akashika njia ya kwao bila kuaga mtu, soksi moja imeshuka. Mkuu wa Itifaki alisahau itifaki yote.

Wakesho alipiga hatua moja, akajikuta mezani.

Ilikuwa Alhamisi ile ile jioni. Chai ilikuwa bado ina moto. Baba yake alikuwa amesimama pale pale, bisibisi mkononi, tumbo la redio liko wazi.

"Umeshaamua, mama?" aliuliza bila kugeuka.

"Nimeamua, baba. Nachukua saba." Alimgeukia, akamtazama machoni. "Fizikia nimeiacha."

Mwakio aliweka bisibisi mezani. Wakesho aliona mabega ya baba yake yanashuka, na ilimuuma kuliko alivyotarajia, lakini hakuyarudisha maneno yake.

"Anakusalimu," alisema.

"Nani?"

"Fizikia. Anasema hajazeeka. Anasema mlifika habari za mifugo tu, na kwamba uende mwenyewe." Akakitazama kigoda kilichokuwa chini ya meza. "Anasema safari hii ukae, baba."

Mwakio alimtazama binti yake kama mtu anayetaka kuuliza jambo na asijue aanzie wapi. Kisha akaigeukia redio. Alitia kidole ndani, akagusa waya mmoja mwembamba, na redio ikakoroma na kutoa wimbo. Akaondoa kidole. Ikanyamaza.

"Huu waya," alisema polepole. "Miaka yote hii ninaugusa, inaimba. Sijawahi kujua kwa nini."

"Mimi pia sijui, baba."

"Kile kitabu chako cha Fizikia cha kidato cha kwanza. Bado unacho?"

Kilikuwa cha tatu kutoka juu. Wakesho alikichomoa, akampa, kisha akamsogezea kigoda kwa mguu. Mwakio alipangusa mikono kwenye suruali, upande huu na upande ule. Akaketi, akafungua ukurasa wa kwanza.